Maini ya Vingunguti

Alfajiri machinjioni nafunga kanga kiunoni,
nachukua maini yangali yana joto,
naosha, nakata, napima, napatana bei.
Miaka kumi na minne damu imenizoea:
imo kwenye kucha, kwenye pindo la gauni,
kwenye noti ninazowapa watoto za nauli.
Kumbe ndani yangu inakwisha.

Ilianza nyayoni. Ganzi,
kama nimevaa soksi ambazo sikuzinunua.
Kisha ulimi ukawa laini, mwekundu, unawaka
hata kwa chai isiyo na tangawizi.
Kisha nikampa mteja chenji mara mbili.
Akanitazama, akarudisha moja.
Hapo ndipo nilipoogopa.

"Kula maini," akasema Mama Chausiku.
Mimi! Niambiwe nile maini!
Nikayala. Nikala matembele, nikanywa rozela,
nikanywa bitiruti mpaka mkojo ukanitisha.
Mtaani wakashusha sauti nikipita.
Shemeji akanitajia mganga wa Mlandizi.
Na vidato vitatu vya baraza langu
nikavipanda kwa vituo, kama mchukuzi,
mikono mitupu.

Amana, Daktari Mkwizu alisoma karatasi kimya.
"Umewahi kuagiza mzigo bandarini?"
Sijawahi.
"Basi meli imefika. Kontena limeshushwa.
Ila wakala wa kulitoa hayupo.
Tumbo lako, mama, halina wakala."
Nikacheka. Halafu nikalia kidogo,
maana kila tonge nilikuwa nimelishitaki,
na kila tonge lilikuwa limefika, limekaa nje,
limebisha hodi hadi likaondoka.

Sasa kila mwezi Nesi Eliwaza anavunja kichupa:
dawa nyekundu, rangi ya rozela iliyozimuliwa,
inaingia msulini bila kupita mlangoni.
"Hadi lini?" nilimuuliza.
"Ukipakua ugali, huwa unauliza hadi lini?"
Akabandika pamba, akaita mwingine.

Sijapona pote. Majina ya watu yanachelewa,
mguu wa kulia bado mgeni kwangu.
Lakini jana, mezani pangu, kati ya wateja,
kifupa kilitoboa ndala, kikanichoma kisigino.
Nikasimama na kisu hewani.
"Vipi, mama, nusu kilo yangu?"
Ngoja, baba. Ngoja kwanza.
Naumia.
Jamani, naumia!