Risiti ya Ndoo Moja

Afisa Nyangweso, ulinikuta na ndoo,
pikipiki ya Okumbe imesimama ndani ya kijito,
povu likiniteremka viwikoni.
Ulisoma kifungu. Ulikisoma vizuri,
kama padri asiye na haraka ya chakula.
Sikubisha. Povu lile lilikuwa langu.
Nikalipa elfu mbili, ukanipa risiti
yenye muhuri wa zambarau, wino bado mbichi.

Sisemi haya ili unirudishie.
Mimi si wa wale wanaosema serikali ituache,
kila mtu na biashara yake, maji yatajijua.
Maji hayajijui. Maji hufuata mteremko tu,
yapite kwa Mama Apondi akikaanga mgongo wazi,
yapite kwa watoto na vidumu vyao,
hadi ziwani, ambako magugu yamekwisha kufunga mlango.

Lakini njoo saa nane usiku, Alhamisi,
umeme ukiwa umekatika Obunga.
Usilete gari. Njoo na pua.
Nyuma ya ukuta wa kiwanda cha ngozi
kuna bomba pana kama sufuria ya matanga.
Nililipima kwa mikono, nikaoga mara tatu.
Huanza kwa kukohoa,
halafu hutapika: buluu, kisha kahawia,
kisha rangi nisiyoijua jina
kwa Kijaluo wala kwa Kiswahili.
Kukicha, kijito kimenyamaza
kama mtu aliyeficha kitu mdomoni.

Najua utasema: watu mia nne wanakula pale.
Okumbe mwenyewe anakula pale. Pikipiki ile
ni mshahara wa kukwangua manyoya ya ng'ombe.
Kucha zake zimegeuka manjano. Hataki nizitaje.
Mkifunga lango, atakuja kuniomba ndoo.
Nitampa.
Kisha utatukamata wawili.

Sheria ni msumeno, tulifundishwa,
hukata mbele, hukata nyuma.
Huu wako nimeuona kwa karibu:
meno yote yapo, tena makali,
ila mkono unaoushika ni mfupi,
haufiki juu ya ukuta.

Siku hizi naoshea kando. Nimechimba shimo,
nikatia kokoto na mchanga, kama ulivyoelekeza.
Wiki mbili, jembe la kuazima.
Nimeweza mimi, mwenye ndoo.

Risiti nimeibandika juu ya kitanda.
Siku utakayomwandikia mwenye bomba ya kwake,
nipitishie niione.
Nataka kulinganisha muhuri.