Nyingine

Kaunta namba tatu, ubavuni mwa famasi,
Umazi amenigeuzia kioo cha kompyuta
nione jina langu likizaliwa upya:
Mselem Kombo Feruzi, hamsini na sita.
Tarehe? Mama alisema ilikuwa wiki ya mvua
iliyoangusha ukuta wa choo.
Umazi akaandika mosi Januari,
kama alivyowaandikia wazee wenzangu,
nasi sote tukawa mapacha wa serikali.

Nimemletea mfuko wa nailoni.
Madaftari manne; moja limelowa chai,
moja lina hesabu ya unga na sukari
kwa mwandiko wa marehemu mke wangu.
Risiti. Eksirei zilizojikunja.
Majibu ya damu ya mwaka ule nilioambiwa
ni chumvi tu, punguza chumvi.
Miaka kumi na moja nimeutembeza mwili wangu kwapani,
Makupa hadi Ganjoni,
na kila daktari mpya akaanza nami kwa alifu.

"Sasa vyote vitakaa humu," asema.
"Popote ulipo, unafungua."
Mimi nalikuwa karani wa Kilindini, miaka ishirini na tisa,
nikihesabu makontena.
Naijua lakiri, namba yake, nani aliiona ikiwa nzima,
na najua pia mzigo unavyopotea
lakiri ikiwa nzima.
Nikamuuliza: ufunguo anao nani?

"Wewe mwenyewe. Chagua neno la siri."
Akageuza uso, adabu ya kufunzwa.
Nikaandika jina la mke wangu. Mashine ikakataa: fupi.
Nikaongeza la babake. Ikakataa: weka tarakimu.
Nikaweka mwaka aliofariki.
Ikasema: imara.

Simu ikatetema, tarakimu sita,
dakika moja ya kuzitia, na macho yangu haya
huisoma tatu kuwa nane.
Mara ya tatu ndipo mlango ukakubali
na nikajiona: potasiamu, uzito kabla, uzito baada,
Jumanne na Ijumaa, Jumanne na Ijumaa,
safu zimenyooka kuliko nilizowahi kuandika kazini.

"Nani mwingine aruhusiwe kuona?"
Swabra, binti yangu, yuko Doha.
Kila usiku yuwauliza, "Baba, wamesemaje?"
nami humwambia wamesema vizuri.
"Aone vyote au baadhi?"
Kidole kikabaki hewani.
Vyote, nikasema,
na uongo wangu wa miaka miwili ukaisha kwa kubofya.

"Na wa kuitwa usiku?"
Nzioka.
"Ni nani wako?"
Ni fundi wa friji, kibanda chake chatazamana na mlango wangu.
Nikitoka kwenye mashine baridi ikiwa mifupani
ndiye huja na blanketi. Ndizi huninyang'anya.
Ramadhani iliyopita tulikula mkate mkavu
nyuma ya friji mbovu, tumejificha,
mimi kwa udhuru, yeye kwa kunionea haya.

Orodha ikashuka: Mke. Mume. Mtoto. Mzazi. Ndugu.
Chini kabisa, Nyingine.
Umazi akapunguza sauti. "Niandike ndugu? Haiulizi kitambulisho."
Nikafikiri kidogo.
Shehena ikiitwa isivyo,
siku ya kutafutwa haionekani.
Andika Nyingine, nikamwambia.

Nje, simu ya Nzioka ikalia kifuani.
"Yataka neno la siri, mzee. Niweke nini?"
Weka lako, usiniambie.
Mfuko nikaondoka nao;
hesabu ya unga na sukari haikupata kisanduku.

Tulikuwa hatujafika Makupa
Doha ilipoleta ujumbe, neno moja:
Baba.
Nikampa Nzioka anisomee,
kana kwamba neno lenyewe ni gumu.