Kibendera

Kila baada ya isha, barazani kwa Shekuwe fundi redio,
mizani huteremshwa tena:
kitanga hiki Lali Famau, tuliyemwita Uzi,
kitanga kile Mzamil Betri, anayecheza hadi leo.
Mimi hukaa pembeni, karibu na birika la tangawizi,
mkono wangu wa kulia nimeukalia.

Shekuwe ndiye huanza:
"Yeo mwasema Betri! Uzi alicheza pekupeku.
Mpira wa ngozi, wa kamba, ukilowa mvua
ni gunia la nazi. Upige kwa kichwa
tuone kama utaikumbuka njia ya kwenu."

Twalib, mjukuu wa dada yangu, hucheka, simu mkononi:
"Na mabeki wake je? Wauza halua, vitambi mbele,
mkono mmoja umeshika kikoi!
Mpeni Betri mabeki hao:
atafunga saba kabla wao hawajafunga vikoi."

"Uzi alimpiga chenga hata punda aliyeingia uwanjani."
"Punda alikuwa anakula."
"Na beki wa juzi, wa Betri, alikuwa anafanya nini?"

Hapo hata mpita njia husimama,
akaweka kapu lake chini, akachagua upande.

Kisha, kama maji yajaayo, hufika pale pale:
goli la Malindi, mwaka wa sabini na nne.
Nililisikia mara ya kwanza likiwa la hatua ishirini.
Mwaka uliofuata, ishirini na tano.
Tulipomzika kipa, arobaini.
Siku hizi hutoka katikati ya uwanja,
huzunguka mnazi, hupumzika kidogo,
ndipo likaingia.

Goli la Betri limo ndani ya simu. Halikui.
Twalib hulirudisha, na kulirudisha,
na kila mara ni hatua kumi na mbili,
na kila mara, kabla hajapiga,
kijana anateleza, uzi wa kiatu umefunguka.
Maskini Betri.
Hana wa kumsahaulia kuteleza kwake.

Nami nina langu.
Siku ile kibendera nilikishika mimi:
kipande cha leso ya mama, chekundu,
kwenye mpini wa fagio.
Uzi alikuwa ameotea.
Si kwa unywele. Kwa hatua mbili,
na ya tatu ilikuwa njiani.

Nikaona. Mkono ukaanza kupanda,
ukafika hapa, kwenye mbavu.
Lakini ule mpira ulivyoshuka,
na yeye alivyoupokea kwa wayo mtupu,
taratibu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala
asije akamwamsha...
Mkono ulisahau kazi yake. Sikuusahaulisha mimi.

Mji mzima ulimbeba Uzi.
Kipa wa Malindi hakumtazama refa.
Alinitazama mimi.
Nilikwenda mazikoni kwake, nikaingia chini ya jeneza,
nikaweka bega la kulia. Halikuwa zito.
Afadhali lingekuwa zito.

Sasa Twalib amezima simu:
"Babu Bwanaheri, wewe peke yako uliwaona wote wawili
ukiwa karibu na mstari. Sema basi. Nani?"
Baraza limenyamaza. Hata redio zilizopasuliwa
zinategesha waya zao.

Ningesema Betri ana mbio zaidi, na hilo ni kweli.
Ningesema sijapata kuona tena wayo kama ule,
na hilo pia ni kweli, na ndilo lililoniponza.
Mkono unatoka chini ya paja, wenyewe,
unapanda, unapita mbavu, unapita bega,
macho yote yanaufuata,

"Shekuwe, nimiminie kikombe kingine."

Anamimina, huku anasimulia.
Usiku huu goli limefika hatua hamsini na mbili.