Mizani Haianzi Sifuri

Tangazo lilibandikwa getini Jumatatu,
na kabla gundi haijakauka
kiti kilikuwa na mwenyewe:
sweta la kijani limetundikwa mgongoni pake
tangu juma la Pasaka.

Mimi ndiye wa masijala, Mama Aikande,
ghala la kahawa, Moshi, upande wa reli.
Dirisha langu linautazama mlima
siku ambazo mlima unakubali kutazamwa.
Napokea, nagonga muhuri, naandika namba.
Nafasi moja, karani wa mizani.
Bahasha mia moja na kumi na saba.

Nyingine nazijua kwa kuzishika tu.
Hii ilikunjwa mara nne, imesafiri ndani ya soksi.
Hii ina vumbi la Rombo kwenye gundi.
Hii ina barua ya padri, ya diwani, ya mwenye nyumba,
cheti chenyewe hakimo.
Na hii, cheti chake kinanuka wino wa jana,
chuo kilifungwa miaka mitatu kabla yeye hajahitimu.
(Tunadanganywa na sisi. Nalo liandikwe.)

Usaili, Alhamisi. Mvua ya Aprili juu ya bati
hata majina yakaitwa mara tatu tatu.
Walioitwa thelathini, benchi la watu sita,
saa nne ikawa saa nane
na hakuna aliyewaonyesha hata maji yalipo.
Ndani, Bwana Kiwelu, mhasibu,
na mgeni wa makao makuu akisubiri simu yake ijae chaji.

Nakijwa Mbwambo, wa Usangi,
alilala stendi ili asichelewe.
Wakamwuliza kama ameolewa.
Wakamwuliza, akizaa, zamu atamwachia nani.
Gunia la maganda likikobolewa linabaki kilo ngapi,
hilo hakuulizwa.
Akasema mwenyewe, amekwisha simama, mkono kwenye kitasa:
"Samahanini. Mizani yenu pale uani haianzi sifuri.
Mshale umelala nusu kilo nyuma.
Mkulima anakatwa kabla hajashusha mzigo."
Kimya.
Mgeni akachomoa simu.

Kijana wa sweta akaanza kazi Ijumaa.
Sitamsingizia: hesabu anazijua, salamu anatoa,
chai yangu ananiletea bila kuagizwa.
Hakuiba kitu. Alipewa tu zamu ya mtu.
Na mimi nina mdomo gani?
Mwaka wa themanini na nane mjomba Anaeli
alikaa na meneja kwenye mtungi mmoja wa mbege,
Jumatatu mimi nikakaa hapa.
Sikuwahi kuuliza nimekalia bahasha ngapi.

Nimechapa barua mia moja na kumi na sita.
Tunasikitika kukujulisha.
Tunasikitika kukujulisha.
Kufika ya themanini, neno lile
limebaki herufi tu, kama meno ya kitana.

Jumatatu yule binti akarudi,
viatu mkononi, matope hadi magotini.
Hakuja kulia. Alikuja na daftari.
"Mama, nimekosea wapi? Nikijua nitarekebisha."
Akafungua ukurasa mweupe, akashika kalamu,
akaningoja kama anayesomewa imla.

Kwenye fomu zetu hakuna mstari wa jibu hilo.
Nikaitafuta barua yake, nikaigeuza nyuma,
nikaandika kwa mkono, polepole, kama mwanafunzi:
Hukukosea. Nafasi haikuwapo. Mizani ulisema kweli.
Nikagonga juu yake muhuri wa kampuni,
ule wa bluu, wenye tarehe.

Aliisoma amesimama. Hakunishukuru.
Aliikunja, akaiweka katikati ya daftari,
akavaa kiatu kimoja.
"Na nauli?" akauliza.
"Usangi, kuja na kurudi. Mara mbili."