Ufa wa Njia ya Kushoto

Januari, Duluth. Ziwa limeganda, rangi yake risasi.
Nilimkuta Orrin Halvorsen katika chumba cha chini ya ardhi,
soksi mbili mbili miguuni,
akiandika kwa kidole juu ya vumbi la kioo cha pinboli:
elfu kumi na moja na mia nne.
"Hiyo," akasema, "ni bei ya Novemba."
Akaifuta kwa kiganja.
Pembeni, penye vumbi bado, akaandika: elfu saba.
Hii hakuifuta. Akaitazama tu
kama mtu atazamaye mguu wake ndani ya plasta.

Kiwanda kimetangaza kuifufua.
Msafara wa Radi, toleo jipya: mlima ule ule,
farasi yule yule aliyekosa sikio
(mchoraji alisahau, mwaka wa tisini na tatu;
hawa wamesahau kwa makusudi),
taa zisizoungua, spika zenye kifua,
na dhamana ya mwaka mzima.
Kipya kinyemi, wahenga hawakukosea,
ila hawakusema kinyemi hicho
hukatwa mfukoni mwa nani.

Mimi fundi, nalipwa kwa saa.
Nikawasha tochi, nikainama.
Koili nzima. Mapezi yamelegea kidogo.
Ubao umechubuka pale gololi inapotua,
doa la ukubwa wa kidole gumba,
miaka thelathini ya kutua pale pale.
Na njia ya kushoto, ile ya plastiki ipandayo mlimani,
ina ufa.

"Siku hizi zinauzwa," nikamwambia. "Dola themanini.
Zimeundwa kwa ajili ya zile mpya, lakini hapa zinaingia."
Zamani hazikupatikana kwa dawa;
Orrin aliwahi kuendesha gari hadi Winnipeg
kuifuata moja, akarudi na homa.
Akanyamaza. Kisha:
"Ukiibadili, mnunuzi atajuaje kwamba hii ndiyo yenyewe?"

Waliotuonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta
hawakuwahi kuuza pinboli.
Hapa ufa ndio cheti cha kuzaliwa;
ukiuziba, umebomoa.

Ngazi zikalia. Bettina, mkewe,
na kopo la robo dola lililokuwa la kahawa.
"Majira matatu ya baridi sikuruhusiwa hata kuipumulia.
Sasa imeshuka bei. Je, naweza?"
Hakungoja. Akafuta kioo kwa mkono wa sweta,
elfu saba ikaondoka na vumbi.

Gololi ikapanda kushoto,
ikavuka ufa: tak.
Sauti ndogo, ya jino juu ya kikombe.
Orrin akainua kichwa.
Ikapanda tena: tak.
"Usiitikise," akasema.
Akaitikisa.
Mashine ikazima taa zake zote kwa hasira,
naye akacheka, akachukua robo nyingine.

Kwenye ankara niliandika saa moja.
Zilikuwa mbili na nusu.