Vidato Kumi na Kimoja

Miaka kumi na tisa nilipanda vidato vile
sikuvihesabu. Nani huhesabu kisichomzuia?
Koleo begani, baridi ya Duluth ikinitafuna masikio,
nilivisafisha kwanza, kila alfajiri,
maana ndivyo vilivyokuwa mlango wa heshima,
na jina la mfadhili limechongwa ubavuni.

Kisha akaja Bi Quintero, msanifu wa bustani,
mfupi, buti za mpira, penseli sikioni.
Tulidhani atapima kwa kamba.
Akasema, acha theluji ianguke.

Ikaanguka usiku, inchi sita.
Asubuhi ua ulikuwa karatasi.
Akanipandisha hadi ghorofa ya tatu ya maktaba,
akafuta ukungu wa kioo kwa kiwiko:
"Njoo usome."

Nyayo za wengi zimekata ua katikati kama mkasi.
Na kule pembeni, mistari miwili, myembamba, sambamba,
imetoka bwenini, imezunguka maabara,
imepita nyuma ya jiko, kati ya mapipa ya taka,
imesimama
(hapo theluji imevurugika, gurudumu lilikwama)
imerudi nyuma, imeanza tena,
mpaka mlango wa kupakulia mizigo.
"Nani huyu?"

Nilimjua. Marit Ostby, mwaka wa pili, kemia.
Tulisalimiana kila siku pale kwenye mapipa.
Sikuwahi kujiuliza kwa nini pale.

Kamati ikakaa vikao saba, majira mawili ya baridi.
Huyu akalilia historia, yule akalilia mwaloni,
mweka hazina akalilia hela.
Kikao cha nne wakamwita Marit,
wakamuuliza angependa njia yake ipite wapi.
"Sitaki yangu," akasema. "Nataka yenu."
Shuleni kidato humpandisha mtu.

Tulibomoa Aprili, barafu ilipolegea.
Inchi moja ya kupanda, kumi na mbili za kwenda:
hesabu hiyo naijua kama jina la mama yangu.
Njia sasa inauzunguka mwaloni polepole,
kama mtu anayesimulia asiyetaka kufika mwisho.
Mawe ya vidato tumeyalaza, yamekuwa viti;
mfadhili, Mungu amrehemu, anakaliwa jina.
Na kila meza ina nafasi isiyo na benchi,
si kwenye kona, la,
pale pale sahani zinapopitishwa, umbea unapoiva.

Marit alihitimu Mei, zege likiwa bado bichi.
Alipita nyuma ya jiko, na joho lake,
mara ya mwisho.

Leo imeanguka tena. Nimepanda kwenda kusoma.
Nyayo, magurudumu, vitundu vya mkongojo wa Profesa Halvorsen,
kigari cha mtoto wa mtu,
vyote vimepishana, vimefutana,
sijui cha nani ni kipi.

Nikashuka na koleo, nikasafisha njia nzima.
Halafu nikaenda nyuma ya jiko,
nikasafisha na pale kwenye mapipa.
Hakuna aliyekuwa anakuja.