Elfu Nne

Kibao hiki kiliachwa kwangu
kwa kuwa hakuna aliyekitaka.
Ubao wa mvule, upana wa kiganja,
tarakimu zimechongwa kinyume;
ukitaka kuzisoma, kikandamize penye ulaini
nacho kitasema: 4117.

Namba ya jeshini.
Jina lake, Zihalirwa, lilimshinda karani wa Kibelgiji;
alikohoa, akachovya kalamu, akaandika hesabu.

Kuhusu vita nina vipande tu.
Kwamba walikwenda Abisinia kwa lori, kwa meli ya mtoni, kisha kwa miguu.
Kwamba bunduki yake ilishika kutu,
maana kazi aliyopewa ni kufua sare za waliokufa
zivaliwe na waliokuwa njiani.
Sabuni ilipokwisha alichoma miiba,
akachuja maji ya jivu kwenye kofia,
akayapima ukali kwa ncha ya ulimi.
Kila siku. Kwa ncha ya ulimi.

Alirudi Bukavu na blanketi moja na ufundi huo.
Kadutu, kwenye mteremko, alisimika nusu pipa juu ya mafiga,
mawese yakipanda kutoka Uvira kwa madebe,
na waya wa simu, msiulize aliutoa wapi,
wa kukatia miche.
Kila mche aliupiga muhuri wa namba yake,
hata wanawake sokoni hawakusema sabuni,
walisema: nipunguzie hiyo Elfu Nne.
Mvua ikinyesha povu lilishuka mferejini,
likapita milango ya watu kama mgeni asiyepiga hodi,
likaenda zake ziwani.

Mkewe, M'Lugendo, alitaka watie mchaichai.
Alikataa. Sabuni si bibi harusi, alisema.
Basi usiku, mzee akikoroma,
mama alimimina mchaichai chunguni,
na wateja wakaongezeka, na mzee akajisifu
kwamba watu hatimaye wameijua kazi safi.
Miaka kumi na mmoja hakunusa kitu.
Jivu lilikuwa limeshamla pua na ulimi;
mezani alimtazama mkewe usoni kwanza
ndipo ajue kama mboga ina chumvi.

Kuna jambo moja bibi alinisimulia akichambua maharage,
bila kuinua kichwa.
Jumamosi, kiwanda kikilala,
mzee alitoa shati la kaki lisilokuwa lake.
Tundu chini ya mfuko, dogo, kama la sigara.
Ndani ya kola, namba ya mtu mwingine.
Alilifua, akalianika, akalikunja, akalirudisha sandukuni.
Halikuwa na doa tangu zamani.
Alilifua mpaka mgongo ukawa utando,
mpaka mikono ikaachana na mabega,
mpaka vikabaki vifungo vitano na kola,
navyo akavifua.

Ile namba ya kwenye kola, bibi hakuwahi kuisoma.
Hakujua kusoma. Na mimi nilichelewa kuzaliwa.

Sabuni za kiwanda kikubwa zilipokuja na karatasi zao za rangi,
pipa likawa la kutegea maji ya mvua.
Hakulalamika. Alikufa Jumanne, mikono meupe.

Jana nimekandamiza kibao kwenye bugali la moto.
Kikaacha alama safi, namba imesimama sawasawa.
Binti yangu akacheka,
akamega ile saba, akaichovya kwenye sombe,
akatafuna polepole kama fundi anayekagua.
Mama, akasema,
chumvi haijakolea.